Giaboksi Inalia Wapi?

Masika yakielekea ukingoni, gereji za Musoma na Bunda huanza kupokea pikapu zinazofanana: tope jeusi hadi kwenye vioo, springi za nyuma zimeongezwa majani, na dereva anashuka na jibu mkononi.

"Shikamoo fundi. Giaboksi hii imekufa."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Inalia."

Na mwenye gari, aliyebaki kijijini Masinono au Muhoji katika kata ya Bugwema, ameshapiga simu mjini kuulizia bei ya giaboksi ya mtumba. Hela nyingi za watu wa Bugwema hupotelea hapo, kabla hata spana haijagusa bolti. Katika pikapu, milio inayosingiziwa giaboksi ni mingi, na mara kwa mara anayelia ni jirani yake: klachi, krosi za propela, difu au beringi ya tairi. Hata pale giaboksi inapokuwa ndiyo yenye kosa, mlio hutoka sehemu moja maalumu, na sehemu hiyo unaweza kuikaribia sana ukiwa umekaa kwenye usukani, bila kufungua kitu. Unachohitaji ni kujua ndani ya lile boksi nini kinazunguka na wakati gani.

Kuna shafti ya kuingilia, inayopokea nguvu kutoka kwenye injini kupitia klachi. Chini yake kuna shafti ya kati, ambayo huzunguka muda wote shafti ya kuingilia inapozunguka. Kisha kuna shafti ya kutokea, inayopeleka nguvu kwenye propela. Meno ya gia za mbele yameshikana siku zote. Unapoingiza gia huyasogezi yale meno, unafunga tu gia moja kwenye shafti ya kutokea. Zote hizi zimebebwa na beringi, na chini kuna oili lita mbili na kitu, kutegemea aina ya gari. Giaboksi nyingi za kawaida hazina pampu ya oili. Shafti ya kati inapozunguka hurusha oili juu, nayo ndiyo hulainisha kila kitu. Jambo hilo dogo tutalirudia, maana limeua giaboksi nyingi.

Sasa kaa kwenye gari lililosimama. Injini iko silensa, gia iko nyutro, mguu hauko kwenye klachi. Unasikia mvumo? Kanyaga klachi mpaka chini. Mvumo ukikatika, ulikuwa unatoka kwenye shafti ya kuingilia au ya kati, kwa kuwa ukikanyaga klachi zote mbili husimama. Hiyo ni kazi ya beringi, na mara nyingi beringi hununuliwa peke yake. Ikiwa palikuwa kimya na mlio umeanza pale ulipokanyaga, mtuhumiwa wa kwanza ni rilizi beringi ya klachi. Ni kweli giaboksi itashushwa ili kuifikia, lakini haina ugonjwa.

Halafu ingia barabarani. Katika pikapu nyingi za gia tano tulizonazo, gia ya nne ni ya moja kwa moja: nguvu inaingia na kutoka kwa mwendo uleule, na shafti ya kati inazunguka bila kubeba mzigo. Kwa hiyo gari likivuma katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, kisha likatulia ukiweka ya nne, beringi za shafti ya kati ndizo zinazolalamika. Likivuma katika gia moja tu, tafuta kwenye meno ya gia hiyo au beringi yake ndogo ya ndani. Rivasi usiisumbue. Katika giaboksi nyingi meno yake yamekatwa wima, tofauti na yale ya mbele yaliyolazwa mshazari ili yapokezane taratibu. Meno ya wima hulia mluzi hata yakiwa mapya. Nimewaona watu wakitaka kutengenezewa mluzi wa rivasi, na wakapata fundi wa kuwaambia utatengenezeka.

Kipimo kinachookoa hela kuliko vyote hufanywa kwenye lami, kwa mfano kipande kilichonyooka cha barabara ya Musoma kwenda Bunda, pasipo na gari nyuma yako. Fika mwendo ambao mlio unasikika vizuri, weka nyutro kwa sekunde chache, uiache injini ishuke silensa. Mlio ukiendelea vilevile na kupungua kadiri gari linavyopungua mwendo, toka kwenye giaboksi, rudi nyuma: mkia wa giaboksi wenyewe, senta beringi ya propela, difu, tairi. Ukiyumbisha usukani kidogo na mlio ukabadilika kila gari linapoegemea upande, kagua beringi ya tairi. Mlio ukikazana unapobonyeza mafuta na kupotea unapoachia, ikaguliwe difu na pinioni yake. Na ule mlio wa "ko!" unaosikika ukiondoka au ukibadili kutoka rivasi kwenda mbele, mara nyingi ni krosi ya propela iliyokosa grisi. Krosi na giaboksi haviko katika bei moja hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo spana. Na spana ya kwanza iende kwenye bolti ya kujazia oili, iliyo ubavuni, kabla ya ile ya kumwagia iliyo chini. Ukimwaga kwanza halafu bolti ya kujazia ikagoma kufunguka, umebaki na gari lisiloweza kutoka hapo. Ikifunguka, ingiza kidole: oili inatakiwa iguse ukingo wa tundu. Sasa mwaga kwenye beseni jeupe, oili ikiwa vuguvugu, uitazame juani. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imechoka. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Ukiona chenga za dhahabu zinazoelea kama vumbi, hizo ni za ringi za sinkronaiza (kazi yake nitaieleza mbele), ambazo nyingi ni za shaba ya njano. Kisha angalia sumaku iliyo kwenye bolti ya chini. Ute wa kijivu, laini ukiusugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza ngozi ni beringi au meno, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza kihalali.

Kwa magari ya Bugwema, rangi ya chai ya maziwa ndiyo ninayoihofia zaidi. Kata hii ya Musoma Vijijini ina bonde zuri la kilimo linaloelekea ziwani, na udongo wake mweusi wa mfinyanzi ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Mvua zikikolea, vijito vinakatiza njia, na dereva anavuka maji huku giaboksi imechemka kwa kuhangaika na tope. Juu ya giaboksi kuna tundu dogo la kupumulia. Hewa ya ndani ikipata moto hutanuka na kutoka. Boksi likizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta ndani chochote kilicho karibu. Tundu likiwa zima na liko chini ya maji, linavuta maji. Likiwa limezibwa na tope, mvuto unapitia kwenye oili sili, nazo baada ya muda zinaanza kuvuja. Difu nayo hupumua hivyohivyo. Dawa yake ni mpira mwembamba unaounganishwa kwenye tundu na kupandishwa hadi juu kwenye chumba cha injini. Ni kazi ya gharama ndogo, na sielewi kwa nini pikapu ya mtu wa bondeni iwe haina.

Maji yakichanganyika na oili, ule utando unaotenganisha chuma na chuma huvunjika. Beringi huota kutu usiku gari likiwa limelala, na asubuhi zile chembe za kutu zinaanza kusaga. Ndiyo maana giaboksi iliyovuka maji Aprili huja kulia Juni, dereva ameshasahau mto. Kwa gari linalovuka maji, kuhesabu kilomita hakusaidii. Masika yakiisha, mwaga oili ya giaboksi na ya difu, hata kama ya zamani iliwekwa juzi.

Ukija kununua oili mpya, soma kopo. Utakuta maandishi GL-4 au GL-5, na duka lolote litakuambia namba kubwa ndiyo bora. Si hivyo. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, ambako meno yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa, kwa hiyo ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Katika giaboksi yenye ringi za shaba, baadhi ya viungo hivyo vinaweza kuila shaba ikipata moto, na utelezi wake unaifanya ringi ishindwe kukaba. Ziko giaboksi ambazo watengenezaji wake wameruhusu zote mbili, na ziko zinazotaka GL-4 tu. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kuhusu wale wanaoweka oili nzito ya 140 ili mlio upungue: unapungua kweli. Beringi inaendelea kufa kimyakimya, na gia za asubuhi zinakuwa ngumu.

Mzigo nao. Hilux na wenzake wengi wa daraja lake wameundwa kubeba takriban tani moja. Magunia 20 ya kilo 100 ni tani mbili, na hayo ni magunia halali, hatujazungumzia lumbesa. Makopa ya mihogo yanarundikwa mpaka juu ya kabini, abiria wanakaa juu ya makopa. Mwenye gari anaona springi zimelala, anaongeza majani, gari linasimama vizuri na roho yake inatulia. Giaboksi haikuongezwa kitu. Katika gia ya kwanza, nguvu ya mzunguko wa injini inazidishwa kama mara nne, na difu inazidisha tena kama mara nne. Kila jino linalogusana linabeba hesabu hiyo. Tena majani yaliyoongezwa yananyanyua nyuma ya gari na kuipinda pembe ya propela, kwa hiyo krosi zinaanza kutetema. Mtetemo huo unafika mpaka kwenye mkia wa giaboksi na kuila sili yake. Mtu anarudi gereji na malalamiko ya kuvuja oili, kumbe kisa ni springi.

Lakini jino halikatwi na uzito peke yake. Hukatwa zaidi na pigo. Gari limekwama kwenye tope, dereva kakanyaga mafuta, tairi zinazunguka bure, halafu ghafla moja inapata jiwe. Mzunguko wote ule unasimama kwa mara moja na pigo linarudi kwenye meno. Ukikwama, kata nyasi, weka chini ya tairi, ondoka polepole na gia ya pili. Na wenye foo wili ya kuingiza kwa mkono waitoe wakifika kwenye lami kavu. Tairi za mbele na za nyuma hazipiti njia yenye urefu sawa kwenye kona, na zisipoteleza, tofauti hiyo inajikunja ndani ya giaboksi ndogo ya transfa mpaka kitu kiachie.

Kukwaruza wakati wa kuingiza gia ni jambo jingine, usilichanganye na mvumo. Ringi za sinkronaiza, ambazo Cadillac waliziingiza sokoni mwaka 1928, kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia na shafti kabla hazijafungana. Zikiisha, gia ya pili ndiyo huwa ya kwanza kukwaruza, kwa kuwa ndiyo yenye kazi nyingi. Wazee walioendesha malori ya zamani wanajua kukanyaga klachi mara mbili, na kwa ufundi huo gari lenye sinkronaiza mbovu linaweza kuvuna msimu mzima wa pamba. Gia inayochomoka yenyewe haina subira hiyo. Ni hatari kwenye mteremko, na chanzo chake kimojawapo ni mkono wa dereva unaopumzika juu ya gia safari nzima, ukiusukuma uma wa ndani usagike.

Gari likishindwa kabisa, usiruhusu likokotwe na kamba hadi Musoma likiwa nyutro. Tairi zinazungusha propela, propela inazungusha shafti ya kutokea, lakini injini imezima na shafti ya kati imelala. Hakuna wa kurusha oili. Gari liliondoka kijijini na beringi moja mbovu, linafika mjini shafti nzima imeungua. Fungua propela kwanza, uifunge ndani ya bodi. Giaboksi za otomatiki zinaumia hata zaidi, kwa kuwa nyingi zinategemea pampu inayoendeshwa na injini.

Na ikiwa baada ya vipimo vyote ni lazima ununue ya mtumba, shika shafti yake ya kuingilia uitikise juu na chini, kisha uizungushe taratibu na sikio likiwa karibu. Hakikisha inatoka kwenye injini ya aina yako, maana ya petroli na ya dizeli hutofautiana mpangilio wa meno, na mkia wa foo wili si wa pikapu ya kawaida. Wakati nafasi iko wazi, badilisha rilizi beringi na sili ya nyuma ya injini, ili usilipie kushusha mara mbili. Mwisho, jaza oili mwenyewe ukiona kwa macho. Giaboksi za mtumba huuzwa kavu, na kwa boksi kavu, ukitoka Musoma, hata Kiabakari njiani ni mbali.