Pupa humpoteza paka mgeni

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfai mgeni wa miguu minne anayeingia nyumbani na kutoweka papo hapo uvunguni mwa kitanda. Siku ya tatu ikifika, paka huyo huwa hata hajaamua iwapo mahali alipoletwa ni salama.

Watu wengi mijini huchukua paka aliyekwisha kukomaa badala ya mtoto wa paka. Wapo wanaoachiwa na jirani anayehama, na wapo wanaokwenda kumchagua katika makao ya wanyama waliotelekezwa, kama yale ya shirika la KSPCA jijini Nairobi. Uamuzi huo ni wa busara. Paka mkubwa tabia yake inajulikana, na hahitaji kuangaliwa kila dakika.

Tatizo huanza pale mwenyeji anapotarajia shukrani siku hiyo hiyo. Paka akisusia chakula, akijificha au akimkwaruza mtoto aliyetaka kumbeba, husemekana kuwa ana roho mbaya. Wengine hurejeshwa walikotoka, wengine hutupwa karibu na soko. Wapo pia wanaotoroka katika juma la kwanza kwa sababu mlango uliachwa wazi, wasionekane tena. Mara nyingi kosa si la paka, bali ni pupa ya mwenyeji.

Ili kuelewa sababu, yafaa kukumbuka asili ya mnyama huyu. Paka wa nyumbani alitokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo huishi katika nyika zetu. Mnyama huyo huwinda peke yake na hulinda eneo lake. Usalama wake hutegemea kulijua eneo hilo: njia za kutorokea, mahali pa kujificha na harufu ya kila kichaka.

Paka wa nyumbani amerithi tabia hiyo. Anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza, huwa anaacha harufu yake ili baadaye aitambue kuwa ishara ya amani. Anapohamishwa, alama zote hizo hubaki nyuma. Nyumba ambayo kwako ni nadhifu na tulivu, kwake ni nchi ya ugenini isiyo na alama yoyote anayoifahamu.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kumpunguzia ukubwa wa nchi hiyo. Mtengee chumba kimoja kwa siku kadhaa. Anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga asikate tamaa, kwani kona iliyo nyuma ya kitanda au kando ya kabati, iliyozingirwa kwa pazia au leso, inatosha. Madirisha na mlango vifungwe kabla ya kumfungua. Aidha, asisafirishwe ndani ya gunia. Tumia kikapu chenye mfuniko au kasha lenye matundu ya hewa.

Katika kona hiyo weka maji, chakula, na beseni pana lenye mchanga mkavu wa kuendea haja. Beseni likae mbali na chakula, kwa kuwa paka hapendi kula karibu na msala wake. Ukiweza, omba kitambaa alichokuwa akilalia kule alikotoka, wala usikifue. Harufu yake ndiyo itakayomliwaza.

Muhimu zaidi, mpe mahali pa kujificha. Boksi la katoni lililolazwa ubavu ni tosha. Mnamo 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu paka 19 waliokuwa wameingia karibuni katika makao ya wanyama. Kumi walipewa maboksi ya kujificha, tisa hawakupewa. Waliopewa walitulia mapema zaidi kuliko wenzao. Kujificha, basi, si ukaidi. Ndiyo njia ya paka ya kujituliza, na anayemvuta kwa nguvu kutoka uvunguni humrudisha mwanzo.

Badala ya kumfuata, keti sakafuni karibu naye, usome au uzungumze kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho, maana kwa paka huo ni uchokozi. Mtazame, kisha ufumbe na kufumbua macho polepole. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba macho vivyo hivyo, na huwa tayari zaidi kumkaribia anayeifanya. Watoto nao wafunzwe mapema kwamba paka habebwi mpaka aje mwenyewe.

Kuhusu chakula, endelea na kile alichokizoea, kisha ukibadilishe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja. Paka ni mla nyama, hivyo ugali na mchuzi pekee havimtoshi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi waliokomaa, kwa hivyo maji safi ni bora. Vitunguu ni sumu kwake, na tembe moja tu ya parasetamoli yaweza kumuua.

Kususa chakula usiku wa kwanza si ajabu. Hata hivyo, akipitisha siku nzima bila kuonja kitu, mpigie simu daktari wa mifugo. Paka anayekaa siku kadhaa bila kula huweza kupatwa na ugonjwa hatari wa ini, hasa akiwa mnene.

Daktari huyo atahitajika hata kama paka ana afya. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukizwa na ambacho hakina tiba dalili zikishajitokeza. Apewe dawa ya minyoo, na ahasiwe ikiwa bado hajahasiwa. Kinyesi kiondolewe kila siku. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, kwani kinyesi cha paka chaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Je, atoke nje lini? Msubirishe kwa majuma matatu au manne, hadi aitikie wito wako na kuijua saa ya chakula. Mara ya kwanza mtoe akiwa na njaa kidogo, kwa muda mfupi, nawe ukiwapo. Kabla ya hapo, wadodose majirani iwapo wametega sumu ya panya. Paka akila panya aliyelishwa sumu, naye hudhurika. Palipo na hatari hiyo, ni heri abaki ndani.

Wazoefu wa kazi hii husema kwamba siku tatu za mwanzo ni za hofu, majuma matatu ni ya kujifunza desturi za nyumba, na miezi mitatu ndiyo ya kujihisi mwenyeji. Huo si msahafu. Wapo wanaozoea upesi, na wapo wanaochukua nusu mwaka, hasa waliowahi kupigwa.

Ishara utaiona. Siku moja, bila kuitwa, atatoka mafichoni, akusugue shavu mguuni na kujilaza katikati ya sebule. Atakuwa amekutia alama yake, nawe utakuwa umehesabiwa miongoni mwa vitu vya kwao. Subira huvuta heri.