Fizikia: Jinsi ya kutumia likizo ndefu kujiandaa kwa Gredi ya 10

LIKIZO ndefu ya Novemba na Desemba huwakuta wanafunzi wengi wa Nakuru na viunga vyake katika njia panda. Wamemaliza mtihani wa Gredi ya 9, wamechagua mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, maarufu kama STEM, na ifikapo Januari wataanza kusoma Fizikia kama somo linalojitegemea.

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Katika Sekondari Msingi, Fizikia hufunzwa ndani ya Sayansi Jumuishi, pamoja na Kemia na Biolojia. Katika sekondari ya juu, somo hilo hupanuka, hesabu huongezeka na majaribio hudai usahihi zaidi.

Hapo ndipo hofu huanza. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka wa 2027, wengi waliiacha Fizikia mara tu waliporuhusiwa kuchagua masomo. Anayeiacha hujifungia mlango wa uhandisi wa kila aina, mara nyingi kabla hajajua alichokimbia.

Wazazi nao hudhani dawa ni kununua kitabu cha mwaka ujao na kumtaka mtoto akariri sura za mwanzo, au kumtafutia masomo ya ziada ya kulipia. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Isitoshe, kukimbilia mada mpya si maandalizi bora. Kinachomwangusha mwanafunzi wa Fizikia aghalabu ni mambo mawili: hesabu aliyopaswa kuwa ameimudu tayari, na kutozoea kupima na kueleza anachokiona.

Tuanze na hesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi ajipime iwapo anaweza kubadilisha mlinganyo ili kupata kiasi anachokitafuta, mathalan kupata muda akiwa na umbali na kasi. Ajue kubadilisha vipimo: kilomita 72 kwa saa ni sawa na mita 20 kwa sekunde. Arudie vipeo, uwiano, pembetatu za pembe mraba, na kuchora grafu kisha kukokotoa mteremko wa mstari wake. Asiyeweza haya ataona Fizikia ni ngumu, ilhali ugumu uko kwenye Hisabati.

Jambo la pili halihitaji maabara, kwani Bonde la Ufa lenyewe ni maabara. Chukua maji yanayochemka jikoni. Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nakuru, iliyo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 94, na Molo, iliyo juu zaidi, karibu nyuzi 92. Sababu ni kwamba kadiri tunavyopanda, ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na maji huhitaji joto dogo zaidi ili kugeuka mvuke. Ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu kuiva kwenye sufuria ya kawaida. Chombo cha kupikia chenye mfuniko uliobana hurejesha shinikizo hilo, na chakula huiva haraka.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, mteremko wa Sachangwan na Salgaa umeangamiza maisha ya wengi. Lori la tani 30 likishuka mwinuko wa mita 100 hupoteza nishati ya takriban jouli milioni 30. Kama kasi haiongezeki, karibu nishati yote hiyo lazima igeuke kuwa joto. Inatosha kuchemsha zaidi ya lita 90 za maji. Dereva anayeondoa gia ili kuokoa mafuta hujinyima msaada wa injini, na mzigo huo wote huangukia breki, ambazo zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika. Aidha, kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Mwanafunzi akielewa hivyo, mlinganyo wa nishati haumtishi tena, na huenda siku moja akaokoa maisha.

Jaribio la tatu ni la nyumbani. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ulining'inize, kisha ulivute kidogo tu na kuliachilia. Kwa saa ya simu, pima muda wa mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Uzi wa mita moja, ukipimwa hadi katikati ya jiwe, utatoa takriban sekunde 40. Uzi wa sentimita 25 utatoa takriban sekunde 20. Urefu umegawanywa kwa nne, muda umegawanywa kwa mbili. Rudia kwa urefu tofauti, andika matokeo kwenye jedwali, kisha chora grafu ya mraba wa muda wa mzunguko mmoja dhidi ya urefu. Ukipata mstari ulionyooka, umefanya kazi ile ile inayofanywa katika mtihani wa vitendo.

Kwa majaribio ya umeme, betri za tochi, nyaya na balbu ndogo zinatosha. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa.

Ratiba nayo isiwe kongwa. Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, inatosha, hata kwa mtoto anayesaidia shambani au dukani. Wiki tatu za kwanza ziwe za Hisabati pamoja na madaftari ya Sayansi Jumuishi ya Gredi ya 7 hadi ya 9. Wiki mbili zifuatazo ziwe za majaribio na kuyaandika. Baada ya hapo ndipo afungue muundo wa mtaala wa Fizikia wa Gredi ya 10, unaopatikana kwenye tovuti ya Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini (KICD), ajue majina ya mada zinazomsubiri.

Mzazi asiyejua Fizikia pia ana nafasi. Kila jioni amwombe mwanawe amweleze, kwa maneno ya kawaida, alichopima na sababu ya matokeo yake. Pale mtoto anapokwama kueleza, ndipo penye kazi ya kesho.