Mpangilio wa Barua Pepe ya Matangazo

Kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi huambiwa mapema kwamba ubao uliojazwa maneno ovyo haufundishi, hata kama kila neno lililoandikwa ni sahihi. Kanuni hiyo yahusu pia barua pepe ya matangazo. Shule yenye bustani, banda la kuku au kitalu cha miche hulazimika kuwatangazia wazazi na majirani bidhaa zake, na mara nyingi mwalimu ndiye anayeagizwa kuandika. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga barua hiyo ili isomeke bila taabu.

Kosa langu

Niliwahi kuandika barua ya namna hiyo kutangaza miche ya miembe na michungwa iliyooteshwa na wanafunzi. Niliiandika kwa aya moja ndefu. Ilianza na historia ya shule, zikafuata shukrani, bei ikawekwa katikati, na siku ya mwisho ya kununua ikawa katika mstari wa mwisho. Mzazi mmoja alinionyesha barua hiyo katika simu yake: ilimbidi ayasogeze maandishi kwa kidole mara sita ndipo aione bei. Wengi hawakufika huko. Likizo ilianza huku zaidi ya nusu ya miche ikiwa bado kitaluni, na tuliporudi ilikuwa imekauka. Wanafunzi walioimwagilia kwa miezi mingi waliniuliza walikosea wapi. Hawakukosea wao.

Kosa la zamani

Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu takriban 400 kwa njia ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Tangazo hilo huhesabiwa kuwa barua pepe ya kwanza ya biashara kutumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Anwani zilizidi uwezo wa programu, nyingine zikaingia ndani ya barua yenyewe; tena habari yote iliandikwa kwa herufi kubwa. Wapokeaji walilalamika, maana hawakuomba kuandikiwa. Basi kabla ya kupanga barua, hakikisha unawaandikia waliokubali kuipokea.

Hatua za kufuata

1. Kichwa cha barua kiwe kifupi na kitaje jambo lenyewe. Simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo maneno ya maana yatangulie.

2. Jambo kuu liwe katika sentensi ya kwanza. Salamu iwe fupi. Historia ya shule ingoje.

3. Kila aya ibebe wazo moja, na kati ya aya na aya uachwe mstari mtupu. Mistari yote ianzie kushoto.

4. Bei, mahali na tarehe zipangwe kwa orodha, kila moja katika mstari wake.

5. Herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe, wala zisiwe ndogo mno. Herufi nzito zitumike mahali pamoja au pawili tu; zikienea kila mahali hazionyeshi kitu. Maandishi marefu ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi.

6. Bei isifichwe ndani ya picha. Baadhi ya programu hazionyeshi picha mpaka msomaji aruhusu, na asiyeona anayesomewa barua na simu yake aweza kuikosa kabisa.

7. Mwisho, msomaji aambiwe tendo moja tu la kufanya.

Mfano

Kichwa: Miche ya miembe, mwisho Jumamosi

Ndugu Mzazi,

Shule inauza miche ya miembe iliyo tayari kupandwa.

Bei: shilingi 2,000 kila mche
Mahali: kitalu cha shule
Saa: 2 asubuhi hadi 8 mchana
Mwisho: Jumamosi hii

Tafadhali jibu barua hii ukitaja idadi ya miche unayohitaji.

Mwalimu wa Kilimo

Darasani

Somo hili laweza kufundishwa katika darasa la sita bila kompyuta. Andika ubaoni tangazo lililosongamana katika aya moja, kisha uwaulize wanafunzi bei na siku ya mwisho, ukihesabu muda wanaotumia kupata majibu. Wagawe katika vikundi, kila kikundi kilipange upya katika karatasi yenye upana wa simu. Wabadilishane karatasi, uulize maswali yaleyale na kuhesabu muda tena. Tofauti watakayoiona itawafundisha kuliko maelezo yako.

Mwanachuo akumbuke kwamba msomaji wa tangazo hakai darasani kama mwanafunzi. Asipoona haraka kile kinachomhusu, ataiacha barua, na kazi ya watoto itabaki kitaluni.