Upokezi Bila Televisheni: Tamthilia ya Bonanza na Upeo wa Hadhira ya Mara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili upokezi wa Bonanza, tamthilia ya kikauboi ya Marekani, kwa kuzingatia hadhira ya Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara. Tamthilia hiyo ilirushwa na shirika la NBC kuanzia 1959 hadi 1973. Katika muda huo wote Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Serikali ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, iliitegemea redio, na televisheni ilianza Bara mwaka 1994 kwa vituo vya watu binafsi. Je, upo upokezi pasipo utazamaji?

2.0 Upeo wa Matarajio

Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, hadhira huiendea kazi ya sanaa ikiwa tayari na upeo wa matarajio. Kwa mintarafu hiyo, upeo huitangulia kazi, na unaweza kuchunguzwa hata pale ambapo kazi yenyewe haijafika.

Mhusika mkuu, Ben Cartwright, ni mgane aliyefiwa na wake watatu. Anaishi na wanawe watatu, kila mmoja na mama yake, katika ranchi ya Ponderosa karibu na Ziwa Tahoe. Kwa sura ya nje, hakuna kigeni hapa. Musoma nayo iko kando ya ziwa. Na kule Butiama, Mtemi Nyerere Burito, babaye Mwalimu, alikuwa na wake 22.

Tofauti imo katika kazi ya ng'ombe. Katika jamii nyingi za Mara, Wakurya mathalani, ng'ombe hutolewa mahari. Mifugo hutoka katika boma moja kwenda jingine, na kwa njia hiyo koo huungana. Ng'ombe wa Ponderosa ni bidhaa ya soko. Isitoshe, muundo wa mfululizo huo hudai kwamba kila wiki familia ianze ilivyokuwa. Kwa hiyo wachumba hufa au huondoka. Hata Joe alipooa mwaka 1972, mkewe aliuawa katika kisa hichohicho. Kilicho hitaji la mtunzi wa televisheni, kwa upeo wa Mara ni kasoro inayodai maelezo: boma lina ng'ombe tele na vijana waliokomaa, lakini halina mkwe wala mjukuu. Mali hiyo ni ya nini?

3.0 Hitimisho

Kufanana kwa vitu si kufanana kwa maana. Mtafiti anayeridhika kuona ng'ombe pande zote mbili atadhani hadhira ya Mara ingejiona katika Bonanza, ilhali ng'ombe haohao ndio wanaoitenga nayo. Hivyo basi, wanaochunguza tamthilia za kigeni zinazotiwa sauti kwa Kiswahili hawana budi kuanza na upeo wa hadhira, si na tarehe ya kurushwa kwa kipindi.