Mahindi mabichi hayapiti geti, mbona programu yako inapitisha kila kitu?

Mkulima wa Moiben anapopeleka mahindi kwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, sheria anaijua: unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo kikikataa, anarudi kuanika. Hakuna kubembeleza, kwa sababu kuvu ikianza kwenye gunia moja haiishii hapo.

Sasa wewe unayeandika programu, geti lako liko wapi?

Wanaotumia lugha ya C++ wamepata jibu. Februari 2025, kamati ya lugha hiyo ilikutana Hagenberg, Austria, ikakubali mikataba iingie katika C++26. Unaandika “pre”, yaani sharti analopaswa kutimiza anayeleta data, na “post”, yaani kile ambacho programu imeahidi kurudisha. Hapo lawama haizunguki. “Pre” ikivunjwa, kosa ni la mwenye mzigo. “Post” ikivunjwa, kosa ni la ghala.

Wazo lenyewe si geni. Mfaransa Bertrand Meyer alilijenga ndani ya lugha ya Eiffel miaka ya 1980. Kisha Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 ikaharibika angani takriban sekunde 40 baada ya kuruka. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kubana namba kubwa kwenye nafasi ya biti 16, ikashindwa. Meyer alitoa hoja kwamba sharti hilo lilifaa kuandikwa wazi kama mkataba.

Lakini kubandika sheria ukutani ni rahisi. Kibarua kigumu ni cha kompaila, ile programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine. Ndiyo inayomwelekeza soja wa getini. C++26 inampa njia nne: afumbe macho, aandike kitabuni kisha apitishe, aripoti kisha afunge, au afunge papo hapo bila maneno.

Shida ni kwamba programu kubwa ina faili nyingi. Moja inaweza kujengwa na soja mkali, nyingine na soja aliyelala. Zikiunganishwa, kipande kilichomo katika zote mbili hubaki nakala moja tu, na huenda ikawa ya aliyelala. Ubishi kuhusu mikataba ulikuwa mkali kiasi kwamba iliondolewa katika C++20 mwaka 2019, na hata Bjarne Stroustrup, muundaji wa C++, alionyesha wasiwasi kuhusu toleo hili jipya.

Je, soja hatachelewesha foleni? Mwaka 2024, Google ilieleza kuwa iliwasha ukaguzi wa aina hii katika maktaba sanifu ya libc++, kwa mfano kuzuia programu kusoma nafasi ya kumi kwenye orodha ya vitu vitano. Kasi ilipungua kwa wastani wa asilimia 0.30 pekee. Kasoro zaidi ya 1,000 zilifichuka.

Huhitaji digrii kuanza. Kompaila ya GCC ni ya bure, na majaribio ya mikataba yamo tangu toleo la 13 la mwaka 2023. Kwenye Python kuna “assert”, ila ukiendesha programu kwa “-O”, soja huyo anaenda zake.

Kwa hivyo, ukiunda app ya kulipa wakulima, anza na geti. App ikikubali kilo ambazo haziwezekani, kuna atakayelipwa mahindi hewa, na mkulima halisi ataambiwa arudi kesho.