Kidonge cha Presha na Uvimbe Puani

Ukisikia mtu anatangaza kwamba vidonge vya presha vinaponya saratani, tulia kwanza. Kisa chenyewe ni kizuri kuliko tangazo hilo.

Propranololi ni dawa ya presha ya siku nyingi. Mskoti James Black aliibuni miaka ya 1960 ili kuukinga moyo usihangaishwe na adrenalini, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobeli. Huko Bordeaux, Ufaransa, alikuwepo mtoto mchanga mwenye hemanjioma puani, uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu ambao si saratani ingawa hukua mbio. Akiwa anatibiwa kwa steroidi, msuli wa moyo wake ukanenepa, ndipo akaanzishiwa propranololi. Kesho yake wekundu mkali wa uvimbe ulikuwa umegeuka zambarau, na uvimbe wenyewe umelainika. Daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake hawakulipuuza jambo hilo. Mwaka 2008 walichapisha habari za watoto 11, na leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma inayohitaji kutibiwa.

Ninachokipenda zaidi ni kilichomo ndani ya kidonge. Molekuli zake ni za namna mbili, nusu kwa nusu, zinazofanana kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Ya kushoto ndiyo inayotuliza moyo. Ya kulia karibu haiugusi. Kumbe hiyo ya kulia, majaribio ya maabara yameonyesha, huizuia SOX18, protini inayowasha jeni za kujenga mishipa ya damu. Na hemanjioma ni nini kama si mishipa ya damu iliyokosa breki?

Mafanikio ya hemanjioma ndiyo yaliyowafanya wataalamu wa saratani waitupie jicho anjiosakoma, saratani adimu na kali inayoanzia kwenye ukuta wa mishipa ya damu. Wapo wagonjwa waliopewa propranololi pamoja na kemotherapia uvimbe ukanywea, lakini ni wachache mno kutupa uhakika. Majaribio makubwa yanahitaji fedha, na hataza ya dawa hii iliisha zamani. Kampuni gani itagharimia kidonge ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza? Kazi hiyo ni ya serikali na vyuo vikuu, vyetu vikiwemo, na inaniuma kuona dawa imejaa makabatini huku swali limeachwa.

Usijipimie dawa hii mwenyewe. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua, na mtoto akiimeza bila kunyonya, sukari yake inaweza kushuka ghafla.

Kazi nyingine za propranololi: kipandauso, mikono inayotetemeka, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, na kwa wenye kichocho cha ini, kama walivyo wengi Kanda ya Ziwa, kupunguza hatari ya kutapika damu.