Shilingi 1,440 za vijana

Ukitaka kumfundisha kijana wa Simiyu uchumi, achana kwanza na pato la taifa. Mpeleke kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa pamba, akiwa na daftari.

Tuchukue kilo 1,000 kwa bei elekezi ya mwaka 2019, shilingi 1,200 kwa kilo. Jumla ni 1,200,000. Ushuru wa mazao ni asilimia 3, halmashauri inapata 36,000. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yakishatolewa yale yenye kazi maalumu, kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwenye 36,000 zetu fungu hilo ni 3,600. La vijana, 1,440.

Hela ya soda mbili, utasema. Haya, zidisha kwa tani zote za mkoa unaoongoza nchini kwa pamba.

Kuhusu ule ushuru, mwalimu asiwe na haraka. Kisheria unalipwa na mnunuzi, lakini mkulima atakwambia anakatwa yeye. Huenda hajakosea. Mnunuzi akiwa mmoja, na mkulima anadaiwa ada ya mtoto, hatarudi na mzigo nyumbani. Atapokea bei anayopewa, na ushuru umeshajificha humo. Jina kwenye risiti halikuonyeshi nani ameumia. Bei elekezi ina maana hapo, kwani mnunuzi hana ruhusa ya kushuka chini yake.

Usukumani, Simiyu ikiwemo, wanalijua somo hili la mizani tangu zamani. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima waliochoka kupunjwa waliweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Paul Bomani, kijana wa miaka ishirini na kitu, akawaunganisha katika ushirika, na mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Hoja yao ilikuwa uzito, wala haikuhitaji kelele.

Turudi kwenye zile 1,440. Mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Katikati hapo pamba iliendelea kupimwa na ushuru kulipwa. Kijana mwenye daftari lake anaweza kumsimamisha diwani wake na kumuuliza: fungu letu la miezi ile liliwekwa akaunti gani, na sasa lina shilingi ngapi?